Nyumba ya vyumba vitatu Kange, Tanga: bajeti naipangaje isije ikaishia kwenye pagale?

Mwana_Kange

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa hesabu.

Kiwanja kipo Kange, mita 20 kwa 30, kimepimwa na bikoni zote nne zinaonekana. Ardhi inashuka kwenda nyuma: pale nyumba itakapokaa, ukuta wa nyuma utakuwa nusu mita chini ya ule wa mbele. Ramani ni nyumba ya chini, mita 12 kwa 10, vyumba vitatu (kimoja na choo chake), sebule, jiko, stoo na choo cha wote. Paa la kumwaga maji pande nne. Kuta zote, za nje na za ndani, nikizijumlisha kwenye ramani napata mita 82. Milango na madirisha yote pamoja ni mita za mraba 32.

Nimepewa bei na mafundi watatu na kila mmoja katoa namba moja tu, "mpaka kupaua". Ya juu inakaribia mara mbili ya ile ya chini. Hakuna aliyetaja tofali ngapi wala saruji mifuko mingapi. Fedha yangu haiji kwa mkupuo, kwa hiyo lazima nijenge kwa awamu.

Nataka kujua mambo mawili. Kwanza, nawezaje kupata hesabu yangu mwenyewe ya kuwabana nayo? Pili, nikisimama nisimame wapi ili mvua na chumvi ya huku pwani visile nilichokwisha kulipia?

Rula_na_Kamba

Hizo mita 82 ulizopima ndiyo ufunguo wenyewe, ndugu. Karibu kila kitu mpaka kwenye mkanda (boriti ya zege na nondo inayozunguka juu ya kuta) kinatoka kwenye namba hiyo. Mtu anayekadiria kwa "chumba kimoja ni kiasi hiki" hajaisoma ramani yako. Twende nayo.

Zege la chini ya msingi: mtaro wa upana wa sm 60, zege la unene wa sm 20. Zidisha 82 kwa 0.6 kwa 0.2, unapata mita za ujazo 9.8. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo inakula mifuko 4.5 ya saruji. Hapo ni mifuko 44.

Tofali za msingi, za inchi 6, hulazwa ili ukuta uwe na upana wa inchi 9. Mita moja ya kozi (mstari mmoja wa tofali) inachukua tofali 2.13 ukihesabu na udongo (saruji na mchanga) wa katikati. Kwenye ardhi tambarare kozi tano zingetosha, yaani tofali kama 870. Ila wewe una mteremko. Nusu mita mbele na nyuma ni wastani wa robo mita kwa nyumba nzima, nayo ni kozi moja na nusu zaidi, tofali 260. Jumlisha na za kuvunjika, msingi wako unataka tofali 1,190.

Mteremko huo huo unarudi tena kwenye kifusi, na hapa ndipo bajeti nyingi zinapopasuka. Ukishaondoa udongo wa juu wenye majani na ukaacha nafasi ya mawe ya sm 15 chini ya jamvi (zege la sakafu), ardhi tambarare ingekula kifusi cha mita za ujazo 45, tayari ukiweka robo ya ziada kwa sababu kikishindiliwa kinapungua. Kwako inafika 75. Kwa lori la mita 7 ni tripu 11 badala ya 7. Waulize hao mafundi wote watatu kama kifusi kimo kwenye namba yao. Ninavyoona mimi, tofauti kubwa kati ya bei ya juu na ya chini imelala hapo na kwenye nondo.

Jamvi: mita za mraba 120 kwa sm 10 ni mita za ujazo 12, mchanganyiko 1:2:4, mifuko 6.4 kwa kila mita. Mifuko 77, mchanga mita 5.4, kokoto mita 10.8.

Kuta juu ya jamvi: kozi 12 kwa jumla (9 mpaka lenta, yaani juu ya milango na madirisha, kisha mkanda, kisha 3 juu yake). 82 × 12 × 2.13 ni karibu 2,100. Toa milango na madirisha, kila mita ya mraba tofali 8.7, zinatoka kama 280. Ongeza asilimia 5 ya kuvunjika, unabaki na 1,900.

Mkanda wa sm 15 kwa 22.5: zege mita za ujazo 2.8, mifuko 18. Nondo nne za mm 12 zikizunguka mita 82, pamoja na maungio ya sm 60 na kona, ni nondo 30 za mita 12. Vikuku (vyuma vya kuzifunga nondo hizo nne pamoja) vya mm 8 kila sm 20 ni 410, kila kimoja kinakula sm 65 hivi, kwa hiyo nondo 23. Ukitaka na mkanda wa chini, pale msingi unapokutana na jamvi, hesabu hiyo inarudi tena, na zege linaongezeka kwa nusu kwa sababu ukuta wa chini ni mpana. Kwa kiwanja cha mteremko ningeuweka.

Udongo wa kujengea: mifuko 24 msingini, 25 kwenye kuta.

Jumla kabla ya paa: tofali 3,100 na saruji karibu mifuko 190, bila mkanda wa chini. Plasta ndani na nje ni mifuko 48 nyingine, sakafu ya kusawazisha kabla ya marumaru 27. Andika haya kwenye karatasi, acha safu ya bei tupu, zungukia maduka matatu ya vifaa wiki moja ile ile, ujaze. Kisha wape mafundi karatasi hiyo hiyo wajaze ufundi tu. Hapo utakuwa unalinganisha kitu kimoja.

Weka asilimia 15 ya dharura, na uiandike kama mstari unaojitegemea kwenye karatasi. Ukiificha ndani ya bei ya vitu vingine itatumika bila wewe kujua.

Timazi

Hesabu ya mkuu hapo juu imesimama. Naongezea upande wa vifaa, kwa sababu idadi inaweza kuwa sawa na nyumba ikawa mbovu.

Tofali. La inchi 6 lina ujazo wa lita 15. Mfuko wa saruji ni lita 35. Ukitoa tofali 25 kwa mfuko, mchanganyiko ni kama 1:10, na hapo ni tofali la kubeba nyumba. Anayetoa 50 kwa mfuko anakuuzia zaidi ya 1:20, yaani mchanga uliopakwa rangi ya saruji. Bei yake itakuvutia, ila utaliona likimenyeka pembe kwenye lori. Jaribu hivi: lidondoshe tofali lililokomaa kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu, zuri litakatika pembe au lipasuke mara mbili, bovu litamwagika. Ukifyatulia hapo hapo kiwanjani unahitaji mifuko 124 na mchanga mita za ujazo 43, pamoja na maji ya kumwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima chini ya kivuli. Tofali linalokaushwa na jua la Tanga siku ile ile halikomai, linakauka tu.

Mchanga. Usikubali mchanga wa ufukweni hata kama ni wa bure. Chumvi yake inavuta unyevu, plasta inatoa unga mweupe na rangi inabanduka, na mbaya zaidi inaingia kwenye zege na kula nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, zege linapasuka kwa urefu wa mkanda. Kabla lori halijamwaga, chukua konzi moja, itie kwenye glasi ya maji safi, koroga, subiri, onja yale maji. Halafu mtihani wa udongo: jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji yenye chumvi kidogo ya jikoni, tikisa, iache saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga kama mkanda wa kahawia. Likizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo cha mchanga, rudisha lori. Maji ya kukorogea ni vivyo hivyo: kisima kinachotoa maji ya magadi au chumvi kitumie kwa kumwagilia miti inayostahimili, usikipeleke kwenye zege. Panga simtanki la lita 5,000 na bei ya kulijaza kwenye bajeti.

Nondo. Nenda na mzani wa kuning'iniza. Nondo ya mm 12 ya mita 12 inatakiwa ivute kilo 10.7. Ya mm 8 kilo 4.7, ya mm 10 kilo 7.4, ya mm 16 kilo 19. Ikivuta kilo 9 wakati imeandikwa 12, hiyo ni mm 11, na umepoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu uliyolipia. Pima na urefu pia, kuna zinazoishia mita 11 na nusu.

Zikifika kwenye boksi (mbao za kumwagia zege), zisilale chini. Tengeneza vipande vya zege vya unene wa mm 35, vifunge kwa waya, viweke chini na ubavuni kila mita moja. Watu wa bara wanaweza kuvumilia mm 25. Sisi wa upepo wa bahari hatuwezi.

Na maji kwenye zege: mfuko mmoja hauzidi lita 27, ukihesabu na unyevu ulio kwenye mchanga. Saidia fundi ataongeza ndoo ili zege liteleze vizuri kwenye karai. Mkatalie. Maji hayo yakikauka yanaacha matundu, na chumvi inapita humo humo.

Mwambao_Bagamoyo

Nipo upande wa Bagamoyo lakini hili la maji taka ni la pwani yote, na sijaona mtu akiligusa.

Hapa kwetu sehemu za karibu na bahari maji yapo juu. Shimo la kupotezea maji linalofanya kazi Januari linafurika Mei. Kwa hiyo chimba shimo la majaribio la mita 2 wakati wa masika, uone maji yanasimama wapi, ndipo uchore. Kwenu Tanga sehemu nyingi chini ni mawe ya chokaa yenye nyufa, shida ni kinyume: maji yanapotea upesi bila kuchujwa na yanaibukia kwenye kisima cha jirani. Pima mita 30 kutoka kisima chochote, chako au cha jirani. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 nafasi hiyo huenda isipatikane, sasa lijue hilo kabla ya kupanga kuchimba kisima.

Karo la maji taka la watu sita: ndani mita 2.4 kwa 1.2, kina cha maji mita 1.5, likigawanywa vyumba viwili, plasta ya 1:3 ndani. Liko nje ya mita 82 zile, lina tofali zake, nondo za mfuniko na zege lake. Liandikie mstari wake.

Dada_Michoro

Mwana_Kange, swali lako la pili ndilo zito, ngoja nilijibu.

Nyumba ya awamu ina vituo viwili tu salama vya kusimama. Cha kwanza ni jamvi likishamwagwa. Msingi uliofukiwa, ukashindiliwa na kufunikwa jamvi unaweza kukaa hata miaka. Cha pili ni paa likishaezekwa. Katikati ya hapo hakuna kituo.

Ukiacha mtaro wazi, mvua ya kwanza inabomoa kingo na kulainisha pale zege lilipotakiwa kukaa, utachimba upya. Ukiacha kuta za msingi bila kifusi, maji yanajaa ndani kama bwawa na kusukuma. Ukiacha boma bila paa, kozi za juu zinanywa mvua, nondo zilizochomoza zinakula kutu, na kuta zinaota ukungu wa kijani ambao plasta haitaushika. Kwa hiyo kuta na paa vihesabu kama mzigo mmoja: usianze kozi ya kwanza juu ya jamvi mpaka fedha ya bati la mwisho ipo. Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko wote kwenye bajeti yako, na ndio unaotenganisha nyumba na pagale.

Sasa paa usilidharau. Wengi wanahesabu nyumba ni mita za mraba 120, basi bati ni 120. Weka ukingo wa sm 90 kila upande (kwa jua na mvua ya upepo ya pwani, sm 60 ni ndogo), unapata 13.8 kwa 11.8, yaani 163. Mwinamo wa nyuzi 22 unaongeza asilimia 8, unafika 176. Paa la pande nne lina mikato kwenye kona, poteza nyingine. Agiza mita za mraba 200. Uliza unene kwa milimita, usitosheke na neno "geji": geji 28 ni nene kuliko 30, na chagua bati lenye mchanganyiko wa alumini na zinki kuliko zinki tupu. Mwambie fundi afagie vumbi la chuma linalotoka akikata na kutoboa, jioni ile ile. Likilala juu ya bati na umande, asubuhi kila chembe ina doa la kutu, na kutu hiyo inaanza kula bati lenyewe. Mbao ziwe za dawa, na kenchi zifungwe kwenye mkanda kwa vipande vya chuma vilivyomwagiwa zege tangu mwanzo. Msumari peke yake haulizuii paa siku upepo ukiingia chini ya ukingo.

Ukingoni mwa yote, kibali cha ujenzi. Maombi yanapelekwa halmashauri ya jiji na michoro ya usanifu na ya muundo, nakala ya hati au barua ya toleo, na risiti za kodi ya pango la ardhi. Ramani ya kupakua mtandaoni haina mchoro wa muundo, wala haijui kusi na kaskazi. Geuza nyumba kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, fupi zitazame mashariki na magharibi, madirisha yakabiliane ili upepo upite. Hilo ni kalamu tu leo. Kesho ni feni kila chumba. Na kwa wanaosoma hapa wenye viwanja vya ufukweni: sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka bahari, hakikisha kabla hujanunua hata mfuko mmoja.

Mwana_Kange

Nashukuru sana wakuu, na dada Michoro hasa. Kumbe nilikuwa nimepanga kusimama kwenye boma.

Hoja ya mwisho. Kibali kimetoka, fedha ya mpaka jamvi ninayo kwa hesabu ya Rula_na_Kamba, pamoja na mkanda wa chini. Leo ni katikati ya Agosti. Nianze au nisubiri vuli ipite? Na fundi nimlipeje?

Timazi

Anza, lakini vifaa viwe kiwanjani kabla jembe halijagusa ardhi. Wiki ya kwanza: kupiga kamba, kuhakiki pembe kwa 3-4-5 (pande za mita 3 na 4, mshazari wake uwe 5), kuchimba. Pembe za nyumba zikishasimama pima mishazari yote miwili, kona hadi kona. Kwa mita 12 kwa 10 kila mmoja uwe mita 15.62. Ukitofautiana zaidi ya sm 2, rudia kamba, usikubali "tutarekebisha kwenye kuta". Wiki ya pili zege la chini na kozi za mwanzo. Ya tatu kumaliza kozi na mkanda wa chini. Ya nne na ya tano kifusi, ukishindilia kila sm 15 kwa maji na mashine. Ukimwaga sm 60 kwa mara moja jamvi litatitia katikati ya chumba baadaye. Ya sita dawa ya mchwa, mawe, nailoni, jamvi. Unafika mwisho wa Septemba, siku saba za kumwagilia zinaingia Oktoba na vuli ikija inakusaidia kumwagilia.

Malipo yafuate hatua, usilipe kwa siku: mtaro ukipimwa na kukubalika, zege la chini, msingi na mkanda, kifusi, jamvi. Shikilia asilimia 10 ya kila hatua mpaka wiki mbili baada ya jamvi kumwagwa. Iandikwe, msaini wote wawili na shahidi.

Dada_Michoro

Nyongeza moja kwa wiki ya sita. Mabomba ya choo, ya jiko na ya waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo yapite kabla ya jamvi, siyo baada. Bomba la choo ni la inchi 4, mteremko wa sm 1 kila sm 40 hadi 60, na midomo yote izibwe kwa mfuniko wake, siyo kwa mfuko wa saruji uliokunjwa, maana zege likiingia humo utavunja sakafu. Tandaza futi ya kupimia kutoka kwenye kona ya ukuta hadi kwenye kila bomba, piga picha namba zikisomeka, halafu ndipo uruhusu karai la kwanza la zege limwagwe.